Ugali Mlima, Mboga Kijiko... Mi Nimechoka!

Najua nimepotea kidogo humu ndani. Kulikuwa na testi mbili wiki moja, halafu ile kazi ya kundi ambayo majina yameandikwa sita na waliofanya ni wawili (mnajijua!). Leo nimepumua. Nimekaa zangu kwenye kimbweta, mvua ya Songea inanyesha bila aibu, na nina jambo limenikaa kooni tangu Jumanne. Jambo lenyewe ni mboga za majani. Msicheke, someni kwanza.

Jumanne mchana nimeingia kwenye kantini moja hapa, nimepanga foleni na njaa yangu. Nikafika mbele. Mama akapiga bonge la kwanza la ugali, pwaa! Akapiga la pili, pwaa! Akaniangalia, "Nikuongeze ticha?" Nikamwambia hapana mama, imetosha. Maharage upawa mmoja. Halafu ikaja spinachi... kijiko kimoja. Kimoja! Tena kijiko chenyewe kimeshika majani yaliyochemka mpaka yamekuwa na rangi ya kombati iliyofuliwa miaka kumi.

Nikasema kwa heshima zote, "Mama shikamoo, naomba unipunguzie ugali nusu, halafu hiyo nusu unilipe kwa mboga." Mama wa watu akacheka mpaka mwiko ukatikisika. "Ticha, mboga ni ya kusindikizia. Ukitaka kushiba kula ugali." Nyuma yangu jamaa mmoja wa mwaka wa pili akadakia, "Mpeni mbuzi majani yake!" Foleni nzima ikaangua kicheko.

Haya, mbuzi nimerudi na majibu.

Hoja yangu ni moja tu na naitoa mapema ili mtu asije kusema nimezunguka. Tatizo letu siyo kwamba hatuna mboga, wala siyo kwamba hatujui zina faida. Kila mtu hapa anajua spinachi ina faida, tumeimbishwa tangu darasa la tatu. Tatizo ni KIPIMO na MAPISHI. Tunakula mlima wa wanga, tunaweka kijiko cha majani juu yake, majani yenyewe tumeshayaua kwenye sufuria, halafu tunajisifu tumekula mlo kamili. Huo siyo mlo kamili. Huo ni ugali uliovaa kofia.

GHALA LIMEJAA, WATOTO WAMEDUMAA

Kwanza tuangalie tunaishi wapi. Ruvuma ni moja ya mikoa inayolisha nchi hii. Ukisikia mikoa inayozalisha mahindi kwa wingi, Ruvuma haikosi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ana kanda yake hapahapa Songea. Msimu wa kuuza ukifika malori yanapanga foleni ndefu kuliko ya kantini. Kwa mahindi hatuna mpinzani.

Sasa shika hii nyingine. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa nchini ni asilimia 30. Ruvuma? Asilimia 35.6. Iringa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Yaani mikoa ileile inayosifiwa kwa mahindi ndiyo inayoongoza kwa watoto wafupi kuliko umri wao. Utafiti huohuo ulikuta wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wenye upungufu wa damu ni asilimia 42. Hesabu dada zetu kumi waliokaa mbele kwenye lekcha, wanne hapo damu haitoshi.

Sisemi udumavu unatokana na kukosa spinachi peke yake. Kuna maji machafu, kuna magonjwa, kuna mama anayelima mpaka wiki ya kujifungua, kuna kukosa mayai na maziwa. Mi siyo daktari, mi ni mwalimu mtarajiwa. Ila ninachosema ni hiki: kushiba na kulishwa ni vitu viwili. Ghala lililojaa mahindi halijawahi kuwa dawa ya mwili uliokosa vitamini. Na sahani ya kantini yetu ni picha ndogo ya mkoa mzima... wanga mlima, mboga kijiko.

"SASA MI NILE NINI, NILE HEWA?"

Jambo hili limenigusa nyumbani, ndiyo maana sipendi utani nalo.

Mama yangu ana kisukari, huu mwaka wa tatu. Siku alipogundulika aliambiwa maneno mawili: punguza wanga. Basi. Hakuna aliyekaa naye chini akamwambia apunguze vipi na aweke nini badala yake. Akarudi nyumbani Namtumbo, tukakaa jikoni tunaorodhesha. Ugali, wanga. Wali, wanga. Viazi, wanga. Muhogo, wanga. Ndizi za kupika, wanga. Chapati, uji, makande... wanga, wanga, wanga. Mama akaniangalia akasema, "Baba, sasa mi nile nini? Nile hewa?"

Akafanya kile ambacho wengi wanafanya. Akakata ugali nusu, mboga akaiacha kijiko kilekile. Matokeo yake? Saa kumi jioni njaa inamuuma, anaita mtoto akamnunulie maandazi mawili na chai ya sukari "kidogo". Yaani amefukuza wanga mlango wa mbele, umeingia kwa dirishani ukiwa umepakwa mafuta!

Likizo iliyopita nikasema hapana. Nikaenda bustanini, nikachuma spinachi na mchicha, sufuria ikajaa mpaka mfuniko ukagoma. Nikapika na karanga na dagaa wa Ziwa Nyasa. Nikampakulia nusu sahani mboga, robo dagaa na maharage, na ugali wa ukubwa wa ngumi pembeni. Mama akala, akanyamaza, akala tena. Mwisho akacheka, "Leo ugali ndio umekuwa kitoweo."

Jamani, hiyo sentensi ya mama nimetembea nayo mpaka leo. Hajapona, tusidanganyane. Anameza vidonge vyake kama kawaida na kliniki anaenda. Lakini maandazi ya saa kumi yamekufa kifo cha kawaida, na kile kidaftari chake cha vipimo siku hizi anakifungua bila kuogopa.

MAJANI YENYEWE YANA NINI?

Tuweke namba mezani, maana kuna watu humu bila namba hawaelewi.

Gramu 100 za spinachi mbichi zina kilokalori 23 hivi. Wanga gramu 3.6 tu, na katika hizo, 2.2 ni nyuzinyuzi ambazo hazipandishi sukari. Sasa chukua gramu 100 za unga wa sembe: wanga gramu 75 mpaka 80. Kilo NZIMA ya spinachi ina wanga wa gramu 36, yaani karibu sawa na unga gramu 50. Kilo nzima mtu huimalizi! Ila yale mabonge mawili ya Jumanne, kama yametumia robo kilo ya unga, ni wanga unaokaribia gramu 190 kwa kikao kimoja. Halafu unaingia lekcha ya saa nane unasinzia, unamlaumu mhadhiri kwamba anaboa. Kaka, siyo mhadhiri, ni nguna hiyo.

Kingine, foleti. Hii ni vitamini ya kutengeneza damu, na mama mjamzito akiikosa mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la jani. Mwaka 1941 wanasayansi wa Texas, Marekani, walichakata tani nne za spinachi ili kuipata kidogo tu. Tani nne! Sisi tunayo kwenye fungu, tunaichemsha nusu saa halafu tunamwaga maji yake nje kuku wanywe.

Kuna karotini ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, kwa ajili ya macho na kinga. Kuna vitamini K ya kugandisha damu ukijikata. Kuna potasiamu na magnesiamu. Kuna vitamini C, mradi usiiue.

Na chuma? Hapa ndipo nataka ugomvi na wanaosema "spinachi inaongeza damu" kama vile ni drip. Chuma ipo, miligramu 2.7 hivi kwa gramu 100, lakini chuma ya majani inanyonywa kwa shida tumboni. Ile ya nyama na samaki inaingia kirahisi zaidi. Ukiteremshia chai ya rangi ndiyo umeifunga kabisa. Ukiila na limau, nyanya, pilipili hoho au dagaa, inaingia vizuri zaidi. Kwa hiyo dada mwenye damu chini ya kiwango asidanganywe na fungu moja la spinachi, aende hospitali apimwe na apewe vidonge vya chuma. Mboga inalinda na kujenga polepole, haifanyi miujiza ya usiku mmoja.

Mnakumbuka hadithi kwamba umaarufu wa chuma ya spinachi ulitokana na mwanasayansi aliyekosea nukta ya desimali, ndipo Popeye akapewa spinachi? Mi mwenyewe niliwahi kuisimulia darasani nikiwa BTP, kwa mbwembwe! Kumbe mtafiti mmoja Mwingereza, Mike Sutton, aliifuatilia na mwaka 2010 akaandika kwamba ushahidi wa hiyo nukta hakuupata. Na mchoraji wa Popeye aliyesifu spinachi kwenye katuni mwaka 1932 alitaja vitamini A, siyo chuma. Yaani dunia nzima imedesa kwa mtu aliyedesa. Inatukumbusha nini, wana elimu? Kabla ya kufundisha, hakiki.

HIYO "SPINACHI" YAKO SIYO SPINACHI

Sasa namgeukia jamaa yangu mmoja wa geto la jirani, mzee wa gym, mzee wa "nimeacha wanga". Huyu ananunua "spinachi" tu. Mchicha hataki, anasema ni majani ya kijijini. Matembele anasema ni chakula cha sungura.

Kaka, kaa chini. Yale majani mapana yenye bua nene jeupe tunayonunua Soko Kuu au Majengo tukiyaita spinachi, mara nyingi siyo spinachi ya vitabuni kabisa. Ni jamii ya bitiruti, ndugu yake kabisa kabisa, ila huyu amelelewa kwa ajili ya majani badala ya mzizi. Spinachi ya vitabuni ina majani madogo laini na inapenda baridi. Wote wawili, pamoja na mchicha, ni wa ukoo mmoja wa mimea. Kwa hiyo umewadharau shemeji zako bila kujua.

Na ukija kwenye namba, mchicha unakupiga. Kilokalori 23, wanga gramu 4, chuma inakaribiana, vitamini C miligramu 43 wakati spinachi ina 28, kalisi miligramu 215 wakati spinachi ina 99. Mchicha unaota wenyewe hata nyuma ya choo cha hosteli! Pale Arusha kuna kituo cha Taasisi ya Mboga Duniani, wataalamu wamekaa miaka wanafanyia utafiti mchicha, mnafu na mgagani. Watu wenye digrii tatu wanauheshimu mchicha, wewe mwenye GPA ya mashaka unaudharau. Ebo!

Dharau hii haikuanza leo. Tumelelewa tukiamini mboga za majani ni dalili ya kukosa. Mgeni akija unachinja kuku, mboga ya majani unaificha jikoni isije ikakuaibisha. Mtu akipata bumu, kitu cha kwanza ni zege na soda ya baridi kuonyesha kwamba mambo safi. Bumu likiisha ndipo anarudi kwenye mchicha, tena kwa huzuni, kama mtu aliyerudi kijijini baada ya kufukuzwa kazi mjini.

NA NYIE WA "DAYATI", HAMJAPONA

Msifikiri nawatetea nyie mlioacha wanga mkaanza dini mpya. Profesa Janabi, aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili, na ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuongoza WHO kanda ya Afrika, amesema sana kuhusu vitambi, sukari na wanga, na watu wakamsikia. Safi. Lakini mtaani maneno ya wataalamu yakifika yanakuwa yameshaongezwa chumvi. Nimemsikia mtu kwa masikio yangu akimwambia mzee wa watu aache dawa za sukari anywe juisi ya spinachi glasi tatu kwa siku.

Hiyo ni hatari, siyo utani. Moja, mtu anayechoma insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari akikata wanga ghafla bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Mbili, spinachi ina oksaleti nyingi. Mwenye historia ya mawe kwenye figo akinywa majuisi mabichi kila siku anajitafutia makubwa, na mwenye figo zilizochoka hiyo potasiamu nayo inamsumbua. Tatu, anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, ile wafarini, asibadilishe kiasi cha mboga ovyo, maana vitamini K inapingana na dawa yake. Watu hawa wamuulize daktari kwanza.

Nne, majani peke yake hayashibishi mtu. Nusu kilo ya spinachi ni kilokalori 115. Ukila hiyo tu utaota ugali usiku. Lazima iwe na wenzake: karanga, mayai, dagaa, maharage kiasi, parachichi. Na anayelima kwa jembe toka alfajiri, ugali wake mi siugusi, mikono yake inauhitaji. Namsema mimi na wewe ambao kazi nzito kuliko zote leo ni kubeba laptopu mpaka maktaba.

TUPIKE SASA, BILA KUUA MTU WALA MBOGA

Dhambi kubwa za mapishi yetu ni nne. Tunakata mboga kwanza halafu ndipo tunaosha, vitamini zinaondoka na maji. Tunachemsha nusu saa. Tunatia magadi ili zilainike na zibaki kijani, wakati magadi yanaharibu vitamini C na vitamini B1. Na tunatia mafuta mpaka yanaelea, au tunanyima kabisa, wakati karotini na vitamini K zinahitaji mafuta KIDOGO ili mwili uzichukue.

Mimi kwenye geto langu nina mtungi mdogo wa gesi na sufuria mbili. Napika hivi.

Spinachi ya dakika sita. Mafungu mawili kwa mtu mmoja, usiogope, yatanywea. Osha majani yakiwa mazima, kung'uta maji, ndipo ukate, mabua weka pembeni. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, kaanga kitunguu na kitunguu swaumu, tia nyanya moja na hoho. Tia mabua kwanza, dakika tatu. Halafu majani, dakika mbili au tatu, geuza. Maji usitie, yana yake ya kutosha. Chumvi mwishoni. Epua, kamulia limau. Yakiwa bado yanang'aa kijani ndiyo yameiva. Yakibadilika kuwa kombati umechelewa.

Mchicha wa karanga na dagaa. Dagaa osha kwa maji ya moto, kaanga wakauke. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mchicha, ukinywea mimina karanga zilizosagwa na kukorogwa na maji kidogo, vijiko vitatu. Dakika tano kwa moto mdogo, rudisha dagaa. Huna haja ya unga kuufanya mzito, karanga zinatosha. Hapa una mafuta, una protini, na dagaa wanaisaidia chuma ya mchicha kuingia. Hiki ndicho chakula kilichofukuza maandazi ya mama.

Zege lisilo na chipsi. Wazee wa zege, hii ni yenu. Spinachi iliyokatwa nyembamba, kaanga na kitunguu mpaka maji yakauke, piga mayai matatu na chumvi, mwagia juu, acha ishike, geuza. Kachumbari pembeni, pilipili juu. Yai moja halifikishi hata gramu moja ya wanga. Nilimpikia yule jamaa wa "mpeni mbuzi majani" juzi jioni alipokuja kuazima desa. Alimaliza, akauliza kama kuna nyingine. Nikamwambia beee!

Kwa mwenye shida ya mawe ya figo, yeye ndiye achemshe majani kwa maji mengi dakika chache na kumwaga maji, maana oksaleti nyingi zinaondoka na maji hayo. Wengine msimwage.

SISI NI WALIMU, TUSIJISAHAU

Kwenye kozi ya historia ya elimu ya watu wazima tulisoma kampeni za redio. Mwaka 1973 ilikuwa Mtu ni Afya, mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikaa vikundi vijijini, redio moja katikati, wanasikiliza mambo ya lishe, wanajadili, wanakubaliana cha kufanya. Mwaka huohuo wa 1973 ilitungwa sheria iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka kila shule iwe na shamba. Sisi tumezikariri tarehe hizo kwa ajili ya mtihani, tukapata B, tukaenda kantini kula ugali uliovaa kofia!

Nilipokuwa BTP shule moja ya sekondari, shamba la shule lilikuwepo. Ekari nzima, mahindi matupu. Mfereji wa maji unapita pembeni yake, hakuna hata tuta moja la mchicha. Wanafunzi wanakula makande Jumatatu mpaka Ijumaa. Nilipouliza nikaambiwa "bustani ni kazi ya kuwapa adhabu wachelewaji." Yaani mboga tumeifanya ADHABU, halafu tunashangaa mtoto akikua anaichukia.

Nikipangiwa kituo, popote pale, hata kama ni Tunduru ndanindani, tuta la kwanza nitalilima mwenyewe na shati langu la kazi. Mnishike kwa maneno haya.

Kwa sasa naomba vitu vitatu hapa chuoni. Kwanza, serikali ya wanafunzi wapeleke ombi kwa wenye kantini: mtu awe na haki ya kubadilishana bonge moja la ugali kwa upawa wa mboga, bei ileile. Siyo upendeleo, ni biashara ya haki. Pili, mboga ipikwe kwa awamu mbili, ya saa sita na ya saa saba na nusu, isikae kwenye sufuria toka asubuhi. Tatu, ule uwanja mtupu nyuma ya hosteli tugawane matuta. Mchicha wiki tatu au nne tu unavunwa. Muda wa kusubiri bumu lichelewe tutakuwa tumeshavuna mara mbili.

Shirika la Afya Duniani linasema angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kile kijiko cha Jumanne nakikadiria gramu 40, tena nakipendelea. Bado 360, nani ananidai?

Leo mchana nimerudi kantini ileile. Nikafika mbele, mama akaniona, akatabasamu. Akapiga bonge MOJA. Akasimama, akaniangalia, akachota mboga vijiko vitatu. "Haya mbuzi wangu, kula usome." Nyuma yangu dada mmoja wa mwaka wa kwanza akasema kwa sauti ndogo, "Mama, na mimi naomba kama ya huyu kaka."

Wadau, tumeanza. Anayebisha aje geto na mayai yake matatu, spinachi natoa mimi.

Nawakilisha.